Kusanifu Ukurasa wa Mbele wa Gazeti la Tashtiti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa na wanafunzi wa uandishi, wachoraji wa katuni, na vijana wa mtaani wanaotaka kutoa gazeti lao la utani, liwe la karatasi au la kusambazwa kwenye simu. Kazi yangu ni usanifu wa kurasa. Nimepanga za habari za kawaida na nimepanga za tashtiti, na hizi za pili ndizo zilizoninyima usingizi zaidi, kwa sababu zina kazi mbili kwa wakati mmoja: zifanane na gazeti, na zisimdanganye msomaji. Karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye kazi hizo mbili.

Gazeti la tashtiti ni lipi? Si ndilo gazeti la udaku?

Hapana. Gazeti la udaku linakwambia jambo limetokea na linataka uamini. Gazeti la tashtiti linabuni jambo, au linachukua lililotokea na kulivalisha nguo nyingine, ili ukweli ambao watu wameuzoea mpaka hawauoni uonekane tena.

Humo ndani kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya Le Canard enchaîné la Ufaransa, linalotoka kila Jumatano na lisilochukua matangazo ya biashara. Linachanganya katuni, michezo ya maneno na uchunguzi wa kweli kabisa. Ndilo lililochapisha, tarehe 10 Oktoba 1979, habari kwamba Valéry Giscard d'Estaing, rais wa Ufaransa, alipewa almasi na Jean-Bédel Bokassa, mtawala wa Afrika ya Kati. Njia ya pili ni ya The Onion la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1988 mjini Madison, Wisconsin, na vijana wawili, Tim Keck na Christopher Johnson. Hilo linabuni kila kitu, kisha linakiandika kwa sauti nzito ya gazeti la heshima.

Amua mapema unafuata njia ipi. Ukichanganya habari ya kweli na ya kubuni kwenye ukurasa mmoja bila kuzitenga kwa sura, msomaji atapoteza imani na zote mbili.

Nianze na picha au na kichwa cha habari?

Kichwa cha habari. The Onion walijenga utaratibu ambao naupendekeza kwa kila kundi linaloanza: waandishi wanaleta vichwa vya habari vitupu, vingi kuliko nafasi iliyopo, vinasomwa mezani, vichache vinapona, na habari zenyewe zinaandikwa baadaye. Kichwa kisipobeba utani peke yake, aya kumi chini yake hazitakiokoa.

Kwa kundi la watu watano, kila mmoja alete vichwa kumi. Mtu mmoja avisome vyote kwa sauti bila kutaja nani aliandika kipi. Kinachohitaji kuelezwa kinaondoka. Kinachofanya watu wacheke kisha wanyamaze kidogo, hicho kiwekeni kando; huenda ndicho habari kuu.

Kichwa kizuri kwa Kiswahili kinakuwaje?

Hapa Kiswahili kimetupa zawadi ambayo wengi hawaitumii. Magazeti yetu yana wakati wao wa kitenzi. Mtaani tunasema "waziri amezindua kisima". Gazeti linasema "Waziri azindua kisima". Kisima "chakauka", umeme "warudi", kamati "yaundwa", mashimo "yafukiwa". Hiyo "a" fupi inayobanwa kwenye kiambishi ndiyo sauti ya gazeti. Mtu akiisikia tu, hata amefumba macho, anajua anasomewa ukurasa wa mbele. Kwa hiyo tashtiti inayotaka kuvaa suti ya gazeti lazima iseme kwa wakati huo.

Linganisha vichwa viwili nilivyovitunga kwa ajili ya darasa:

"Shimo la Ajabu Lachekesha Mtaa Mzima!!!"

"Shimo la Barabarani Latimiza Miaka Kumi"

Cha kwanza kinamwamrisha msomaji acheke. Cha pili hakichekeshi kwa neno hata moja. Kinatumia lugha ya taasisi zinapoadhimisha miaka kumi ya utumishi, na msomaji mwenyewe anagundua kwamba shimo limekaa muda huo wote bila kufukiwa. Alama za mshangao, maneno kama "ajabu" na "kituko", herufi zinazorukaruka: zote hizo ni mwandishi kujicheka mwenyewe kabla hajachekwa na mwingine. Zitoe.

Zawadi ya pili ni ngeli. Ukishataja "shimo" kwenye kichwa kikubwa, mstari mdogo chini yake unaweza kuanza moja kwa moja na "Latarajiwa kupata wadogo zake msimu wa mvua", na hakuna atakayeuliza ni nini kinachotarajiwa. Umeokoa neno zima, na kwenye ukurasa wa mbele neno moja ni sentimita kadhaa. Ujenzi huu ni wa Kiswahili chenyewe. Mtu anayetafsiri vichwa vya Kiingereza hawezi kuufikia, na ndiyo maana vichwa vya kutafsiri husikika kama kiatu cha kuazima.

Kuhusu urefu, maneno manne hadi saba kwa habari kuu yanatosha.

Jina la gazeti tulichagueje?

Jina ndilo utani wa kwanza anaokutana nao msomaji, na ndio utakaorudiwa kila toleo, kwa hiyo uwe utani usiochosha mapema. Le Canard enchaîné ni mfano mzuri wa jina lenye mizizi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwanasiasa wa Ufaransa Georges Clemenceau alikuwa na gazeti liitwalo "Mtu Huru". Udhibiti wa serikali ulipolibana, akalibadili jina kuwa "Mtu Mwenye Minyororo". Maurice na Jeanne Maréchal pamoja na mchoraji H.-P. Gassier walipoanzisha gazeti lao Septemba 1915, wakachukua minyororo ile ile wakamfunga bata. Na bata, kwa Kifaransa cha mtaani, ni gazeti, na pia ni habari ya uongo. Neno moja linabeba mnyama, gazeti, uzushi na udhibiti wa vita.

Kwetu majina ya magazeti yana mtindo unaojulikana: Uhuru, Mwananchi, Majira, Raia Mwema. Ni majina ya wito na ya heshima. Jina la tashtiti linafuata mtindo huo kisha linauvunja mahali padogo. Nikitoa mifano ya kutunga: "Mzalendo Mchovu" au "Sauti ya Foleni". Nusu ya kwanza inasimama wima kama gazeti, nusu ya pili inavua kofia.

Usiige jina na mwandiko wa gazeti lililopo kiasi cha mtu kuyachanganya mezani. Kuna kesi za alama za biashara, ndiyo, lakini sababu yangu ya kwanza ni kwamba utamchanganya muuza magazeti, ambaye anapanga karatasi zake kabla jua halijachomoza.

Mwandiko wa jina uwe mzito, wa kale kidogo, na usibadilike. Private Eye la Uingereza lilianza mwaka 1961, na mwaka uliofuata Matthew Carter, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wabunifu wakubwa wa fonti duniani, alilichorea herufi za jina. Zimedumu miongo na miongo. Kila kilicho chini ya jina kinaweza kubadilika kwa sababu jina halisogei.

Ukurasa wenyewe niupangeje?

Mimi huwafundisha vijana kwa kutumia kanga, kwa sababu kila mmoja wao amekulia karibu nayo. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maandishi. Pindo linashika kila kitu lisimwagike. Mji unabeba picha, nao haujazwi mpaka ukose hewa. Jina ni mstari mmoja mfupi, na huo mstari mmoja ndio unaoweza kuvunja urafiki wa majirani. Hakuna kanga yenye majina saba. Ukurasa wa mbele nao uwe na habari kuu moja inayotawala, picha au katuni moja kubwa, habari ya pili ndogo, na pengine mstari wa chini unaoelekeza ndani. Ukiweka utani sita wa ukubwa mmoja, unauana wenyewe kwa wenyewe.

Sasa vipimo. Magazeti yetu mengi ni ya umbo dogo, karibu na karatasi ya A3 iliyosimama, yaani milimita 297 kwa 420. Ukiacha pembezoni unabaki na upana wa maandishi wa sentimita 26 hivi. Vitabu vya usanifu vilivyoandikwa kwa Kiingereza vitakwambia safu tano au sita. Kwa Kiswahili mimi natumia nne, kila moja karibu sentimita 6. Sababu ni maneno yetu. "Waliosababishiwa" au "yatakayotekelezwa" ni neno moja, na kwenye safu nyembamba linajaza mstari zaidi ya nusu, kisha mstari unaofuata unabaki na mapengo kama meno ya mtoto.

Kukata maneno mwishoni mwa mstari ni jambo ninalolipigania kila siku. Programu ya kupanga kurasa ikiachwa kwenye kanuni za Kiingereza itakukatia "magaz-eti" na "mwanan-chi". Silabi za Kiswahili huishia na irabu: ma-ga-ze-ti, mwa-na-nchi. Usitenganishe "ng'", "ny", "sh", "mb" wala "nd". Kama huna muda wa kukagua kila mstari, zima ukataji kabisa na uache upande wa kulia wa safu ubaki wazi bila kunyooshwa. Gazeti la tashtiti lenye maneno yaliyokatwa vibaya linapoteza sura ya heshima, na sura ya heshima ndiyo inayobeba utani wote.

Maandishi ya habari yawe ya pointi 9 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi), na toka mstari hadi mstari pointi 10.5 au 11. Kichwa kikuu kiwe kati ya pointi 60 na 90 kulingana na urefu wa maneno. Fonti mbili zinatosha: moja nzito kwa vichwa, moja ya kusomeka kwa habari.

Kisha fanya jaribio la meza. Gazeti letu linauzwa limekunjwa, limelazwa chini au limebanwa kwenye kamba, na watu wanasimama kusoma vichwa bila kununua. Kunja ukurasa wako katikati, uweke sakafuni, simama hatua tatu. Kama jina, kichwa kikuu na angalau nusu ya picha havionekani kwenye nusu ya juu, panga upya. Asubuhi redio na televisheni nazo hupitia kurasa za mbele na kusoma vichwa hewani, na mitandaoni husambazwa picha za kurasa hizo tu. Watu wengi hawatavuka ukurasa huu, kwa hiyo ujitosheleze.

Katuni au picha ya kamera?

Inategemea unaiga nini. Ukiiga gazeti la habari, picha ya kamera ndiyo inayokamilisha suti. Kuna njia ya Private Eye: picha ya kweli ya kiongozi kwenye hafla, na juu yake viputo vya maneno aliyowekewa na wahariri. Inahitaji picha moja tu yenye nyuso zinazosema kitu. Picha hiyo lazima uwe na haki ya kuitumia. Kuichukua mtandaoni bila idhini ni wizi hata kama nia yako ni njema.

Katuni ina nguvu nyingine, nguvu ya kufanya alama iliyo hai. Mwaka 1831 Charles Philipon, akiwa mahakamani Paris kwa kumkejeli Mfalme Louis-Philippe, alichora uso wa mfalme ukigeuka hatua kwa hatua kuwa tunda la pea, neno ambalo kwa Kifaransa pia humaanisha mtu bwege. Kisha yakaja ya mwaka 1834. Gazeti lake Le Charivari lilihukumiwa, na likalazimishwa kuchapisha hukumu. Likaichapisha ukurasa wa mbele, neno kwa neno, lakini mistari ya hukumu ikapangwa mirefu na mifupi mpaka maandishi yenyewe yakachora pea. Hakuna mchoro, hakuna neno lililoongezwa, amri ya mahakama imetekelezwa. Kila ninapoonyesha ukurasa ule darasani, wanafunzi wananyamaza. Ni kazi ya msanifu wa kurasa peke yake, kwa vifaa vya herufi za risasi, na hadi leo sijaona iliyoishinda.

Afrika Mashariki tuna urithi wetu. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe mjini Nairobi, na huyo Joe alikuwa mtu wa kawaida wa mjini anayepambana na siku yake. Mchora katuni Godfrey Mwampembwa, tunayemjua kama Gado, alizaliwa Dar es Salaam na jina lake likakulia kwenye magazeti ya Nairobi. Mwenzake Masoud Kipanya akatuletea kipanya chake anayetazama mambo kutoka pembeni. Jifunze hapo: mhusika mdogo anayerudi kila toleo, akiwa kwenye kona ile ile, anamfanya msomaji amtafute kabla hajasoma kitu kingine.

Na wakati mwingine jibu ni kutoweka picha yoyote. Nitalieleza hilo kwenye swali la msiba.

Rangi ngapi?

Mbili zinatosha. Le Canard enchaîné linaishi kwa nyeusi na nyekundu. Rangi ya pili itumike kwa jina na kwa kitu kimoja kingine ukurasani, basi. Nyekundu, njano na buluu kwa pamoja ni sura ya magazeti ya udaku, na ukiivaa utasomwa kama udaku. Labda kama udaku ndio unaoukejeli.

Vitu vidogo kama bei na tarehe vina umuhimu gani?

Mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Msomaji akishajua gazeti lina utani hadi kwenye pembe, anaanza kulichunguza lote. Le Canard hutumia nafasi za pembeni mwa jina, kushoto na kulia, kwa michezo ya maneno ya wiki hiyo. Wewe una mstari wa bei, namba ya toleo, hali ya hewa na kaulimbiu. Hali ya hewa inaweza kutangaza "Mgao: wa vipindi, ukifuatiwa na ahadi". Namba ya toleo na tarehe ziache za kweli, maana mtu wa maktaba atakayelihifadhi gazeti lako atazihitaji.

Msomaji atajuaje kwamba ni utani?

Hili ndilo swali lililo moyoni mwangu, na nitalijibu kwa urefu.

Wapo wanaoniambia: "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulifumbua." Wanamaanisha asiyeelewa ni shauri lake. Sikubaliani nao kabisa. Huyo asiyeelewa ni mama aliyetumiwa picha ya ukurasa na mwanawe, akapeleka kwenye kundi la kikoba, na kesho yake wanachama wakaenda benki na hofu. Hakuwa mjinga. Sisi hatukumwonyesha mlango.

Tazama utani wetu wa asili. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Kwenye msiba mtani anaweza kuzuia shughuli mpaka apewe chochote, anaweza kumsema marehemu kwa maneno ambayo ndugu hawezi kuyatamka, na hakuna anayeshika panga. Kwa nini? Kwa sababu alipoingia kila mtu alijua: huyu ni mtani. Ruhusa yake inatokana na kujulikana. Mgeni asiyejulikana akisema maneno yale yale, ni ugomvi. Ukurasa wa mbele ndio mlango ambao mtani wako anaingilia. Ajulikane hapo, si ukurasa wa saba.

Hatari si ya watu wa mtaani pekee. Mwaka 2012, mwezi Septemba, shirika la habari la Fars la Iran lilichapisha habari ya The Onion kama habari ya kweli, kisha likaomba radhi. Novemba ya mwaka huo huo tovuti ya gazeti la People's Daily la China iliweka picha 55 za kiongozi wa Korea Kaskazini, Kim Jong-un, baada ya The Onion kumtangaza kuwa mwanamume mwenye mvuto kuliko wote. Kama vyumba vya habari vyenye wahariri vilipita mlango bila kuuona, mtu anayesoma kwenye kioo cha simu iliyopasuka atauonaje?

Kwa hiyo nafanya hivi. Chini ya jina naweka mstari wa kudumu unaosema wazi kwamba hili ni gazeti la tashtiti, kwa herufi zinazosomeka, si pointi 5 zilizofichwa. Le Canard hujitambulisha lenyewe chini ya jina kuwa gazeti la tashtiti, na halijapoteza chochote kwa hilo. Pili, kwa kuwa watu hukata picha na kusambaza kipande, naweka jina la gazeti au alama yake ndogo ndani ya eneo la kichwa kikuu, mahali ambapo mtu hawezi kukata bila kuharibu sentensi. Tatu, kichwa chenyewe kiwe na kitu kisichowezekana au kisichosemwa na taasisi yoyote. Shimo haliandaliwi hafla. Lakini "Serikali Yapandisha Nauli Kuanzia Jumatatu" haina kitu kama hicho. Huo ni uvumi uliovaa mwandiko wa gazeti. Kamwe usibuni bei, nauli, matokeo ya mitihani, tarehe za uchaguzi, dawa, wala vifo. Watu huchukua hatua kwa habari hizo kabla hawajacheka.

Kukiwa na msiba wa taifa, tutoke au tusitoke?

Mnaweza kutoka, ila fikirini mnamlenga nani.

Novemba 1970 Charles de Gaulle, rais wa zamani wa Ufaransa, alifariki kijijini kwake Colombey. Siku chache kabla, tarehe 1 Novemba, moto ulikuwa umeua watu 146 kwenye ukumbi wa dansi huko Saint-Laurent-du-Pont, na vichwa vya magazeti vilikuwa vimejaa maneno "dansi la maafa". Jarida la Hara-Kiri likatoa jalada lisilo na mchoro wowote, maneno tu: "Dansi la maafa Colombey: amekufa mtu 1". Serikali ikalipiga marufuku, na wiki iliyofuata kundi lile lile likatoa Charlie Hebdo. Kama usanifu, jalada lile ni somo la ujasiri: uliza picha inaongeza nini, na kama haiongezi, iache. Walichokilenga ni magazeti yenyewe na namna yanavyopima vifo. Hata hivyo mimi nisingelichapisha. Familia za watu 146 zilikuwa bado zinalia, na huwezi kumtaka mzazi aliyefiwa na bintiye achambue unalenga nani.

The Onion, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, walitoa toleo zima kabla mwezi haujaisha. Kichwa kimoja kilimhusu mwanamke ambaye, kwa kukosa la kufanya, alioka keki ya bendera ya Marekani. Hakuna marehemu aliyeguswa. Kilichoonyeshwa ni unyonge wa aliyebaki hai na mikono yake inayotafuta kazi, na huo kila aliyefiwa anaujua.

Kuhusu dini nitasema la kwangu. Tarehe 7 Januari 2015 watu 12 waliuawa katika shambulio la Charlie Hebdo jijini Paris, na hakuna mchoro duniani unaohalalisha mauaji yale. Lakini kwenye kurasa ninazozipanga, kwa watu ninaoishi nao, vitabu na mitume havikejeliwi. Anayetumia jina la dini kula sadaka za watu, huyo ana nafasi, tena ya juu ya mkunjo.

Sheria inasemaje?

Tafuta wakili kabla ya toleo la kwanza, hilo ndilo jibu langu halisi. Kwa ufupi, Tanzania ina Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, inayotaka gazeti liwe na leseni. Kenya, mwaka 2017, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kashfa kuwa kosa la jinai kinapingana na Katiba. Kesi ya madai bado inaweza kufunguliwa. Mwaka 2018 ikaja, huko huko Kenya, sheria ya makosa ya mtandaoni iliyopitishwa ikiwa na vifungu kuhusu kusambaza habari za uongo kwa kujua. Kwenye usanifu hii ina maana moja: ule mstari unaosema ni tashtiti unakulinda na wewe pia, na picha ya mtu halisi isikae jirani na tuhuma ya jinai uliyoibuni.

Nitumie programu gani, na kiwandani nipeleke nini?

Kama huna fedha, Scribus kwa kupanga kurasa, Inkscape kwa jina na michoro, GIMP kwa picha. Zote ni za bure na zinafanya kazi. Peleka PDF yenye fonti zilizowekwa ndani.

Karatasi ya gazeti hunywa wino na picha hutoka nyeusi kuliko ulivyoiona kwenye kompyuta, hivyo ipe mwanga zaidi kuliko inavyokupendeza. Ubora wa picha wa nukta 200 kwa inchi unatosha. Maandishi madogo yawe ya wino mweusi peke yake. Ukiyajenga kwa rangi nne na sahani za kuchapia rangi hizo zikateleza kidogo, kila herufi itapata kivuli na hakuna atakayesoma. Zungumza na fundi wa mtambo ana kwa ana kabla ya usiku wa kuchapa. Anajua mtambo wake unavyopenda kulishwa.

Karatasi ina maana bado siku hizi?

The Onion waliacha kuchapa mwishoni mwa 2013, wakarudi kwenye karatasi mwaka 2024. Kwa kundi dogo nashauri nakala mia chache za toleo maalumu, na mengine yaende kwenye simu. Ukurasa uliobandikwa ukutani kwenye kinyozi unasomwa na watu ambao simu yako haiwafikii.

Ukurasa umeshachapwa na kumbe kuna kosa, au mtu kaumia. Tufanyeje?

Ilinitokea. Tulibuni jina la mtu kwenye habari ya kubuni, na mtaa wa pili alikuwepo mwenye jina hilo hilo, na kazi hiyo hiyo. Alikuja ofisini akiwa na gazeti mkononi, amelikunja vizuri kabisa, akalilaza mezani bila kusema neno. Toleo lililofuata tuliweka masahihisho ukurasa wa mbele, ndani ya kisanduku chenye mstari mwembamba, kwa fonti ya habari, bila mzaha hata kidogo: tumekosea, hatukumkusudia, tunaomba radhi. Tangu hapo nafasi hiyo, chini kushoto, ninaiacha kwenye kila kiolezo cha ukurasa ninachotengeneza. Wiki isipokuwa na kosa huwa naijaza kwa mstari unaoelekeza ndani. Majina ya wahusika wa kubuni tunayatafuta kwanza, mtaani na mtandaoni, kabla ya kuyapa safu.